AC ya mkonga wa zamani: kuhamisha gesi, spea za Toyota, seti ya dukani au ya juu ya paa?

Uwanja wa gereji, Gerezani, saa nane mchana, mwezi wa pili. Boneti liko wazi, injini inanguruma, AC imefunguliwa mpaka mwisho, na geji ya upande wa presha kubwa inasoma psi 330 (psi ni kipimo cha presha). Fundi hakugusa mtungi wa gesi. Alichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, akaimwagia kondensa, ile koili ya AC iliyo mbele ya rejeta inayotoa joto la gesi nje, taratibu kutoka juu kwenda chini. Mshale ukaanza kushuka: 300, 270, ukaja kutulia kwenye 230. Ndani ya kabini, hewa iliyokuwa inatoka vuguvugu ikageuka baridi ya kweli. Chupa ilipoisha, haikupita dakika mbili mshale ukaanza kupanda tena.

"Kaka," akaniambia, "miaka mitatu unanunua gesi. Hili gari halina njaa ya gesi, linakosa pumzi."

Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu, HZJ75 ya mwaka 1991, injini ya 1HZ, zile ambazo huku kwetu tunaziita mkonga kwa ajili ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Kila Februari nilikuwa naongeza gesi, Aprili imeisha, na hata ikiwepo, baridi ilipatikana barabarani tu. Nikifika foleni ya kivuko cha Kigamboni, AC inanigeuka. Nilipoamua kulimaliza jambo hili nilikuta njia nne mbele yangu, na kila fundi akiapia ya kwake. Nimetumia mbili kati ya hizo kwenye gari langu, ya tatu nimeiona ikifungwa kwenye Land Rover 109 ya jirani, na ya nne nimeikalia ndani ya lori. Ninachosema hapa ni kwa mtu mwenye pikapu au lori la zamani, hasa la ukanda wa joto na unyevu kama Dar, Tanga au Mombasa. Wa Njombe na Mbeya wanaweza kuendelea kufungua vioo.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya mambo mawili. La kwanza ni hilo la maji: gari limesimama, mwagia kondensa. Kama baridi inarudi palepale, kompresa yako, yaani pampu inayosukuma gesi, ni nzima na hela yako iende kwenye kondensa na feni, si kwingine. La pili ni hita. Magari haya yana hita, na vali yake ya maji ya moto ikizeeka haifungi sawasawa. Unakuta evapoleta, koili ya baridi iliyo ndani ya dashibodi, inapooza hewa, halafu hewa ileile inapita kwenye kirejeta cha hita chenye maji ya nyuzi 80, inatoka kwenye tundu la dashibodi imeshapashwa. Nilibana paipu ya hita kwa klempu, nikaona tofauti siku hiyohiyo. Klempu moja! Mtu wa pwani hita ya nini?

Kuhamisha mfumo wa zamani kwenda R134a

Hii ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote na ndiyo niliyoanza nayo. Mikonga iliyotoka kiwandani na AC mwanzoni mwa miaka ya 90 ilikuwa na gesi ya R12, ile iliyokutwa inakula tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987 ikasababisha utengenezaji wake ukomeshwe, mwisho wa 1995 kwa nchi tajiri na mwanzo wa 2010 kwa nchi kama zetu. Huna haja ya kumuuliza mtu gari lako ni la gesi gani. Tazama vali za kujazia. Za R12 hufungwa kwa kuzungusha kama nati. Za R134a ni za kubana, ya presha ndogo ina kipenyo cha milimita 13 na ya presha kubwa 16, makusudi zisiingiliane.

Tatizo la njia hii ni kwamba wengi hawahamishi chochote, wanabadilisha gesi tu. R12 ilitembea na oili ya madini. R134a haichanganyiki na oili hiyo, kwa hiyo oili inabaki imelala chini kwenye evapoleta huku kompresa inazunguka kavu. Kuhamisha kwa kweli maana yake ni kuosha paipu na koili, kumwaga oili yote ya zamani, kutia ya PAG au ya esta, zile zinazochanganyika na R134a, kubadilisha draya (kichujio kinachonyonya unyevu) kwa ile yenye chembe zinazofaa R134a, na kuondoa oringi zote nyeusi za zamani na kuweka za kijani. Paipu za mpira za zamani nazo ni mashaka. Molekuli za R134a ni ndogo, hupenya kwenye mpira mkuukuu kidogokidogo. Paipu za siku hizi zina tabaka la nailoni ndani. Hapo ndipo gesi yangu ilipokuwa ikienda kila mwaka, na kila mwaka nikiambiwa "imepungua tu, bosi".

Halafu kuna jambo ambalo oringi haziwezi kulitibu. Kondensa ikiwa na joto la nyuzi 60, R12 husukuma takribani psi 207. R134a kwenye joto hilohilo husukuma takribani 230. Yaani kondensa iliyotosha kwa gesi ya zamani inakuwa ndogo kwa gesi mpya. Njiani hulioni hilo, upepo unasaidia. Foleni ya Mbagala utaliona. Kiasi cha gesi nacho kinashuka: kama kibandiko kwenye boneti kinasema gramu 800 za R12, anza na asilimia 80 hadi 85 ya hapo, yaani gramu 640 hadi 680 za R134a. Ukijaza 800 unajitengenezea presha ya bure.

Njia hii ichukue mwenye gari ambalo mfumo wake ni mzima, kompresa haipigi kelele, na gari lenyewe ni la Jumamosi na harusi. Akiongeza na kondensa mpya juu yake, amefika mbali. Mwenye kulitumia kila siku atarudi gereji.

Spea za Toyota za miaka ya baadaye

Hapa mwenye mkonga ana bahati ambayo mwenye Peugeot 504 hana. 1HZ ni injini iliyoanza 1990 na Toyota wakaendelea kuifunga kwa miongo: HZJ79, Land Cruiser 105, mabasi ya Coaster. Kwa hiyo kompresa ya Denso ya familia ya 10PA, breketi yake, puli yake na mkaza-mkanda wake vinapatikana kwa wauza mtumba Kariakoo, na vinakaa kwenye matundu ya boliti yaliyotobolewa na kiwanda. Hakuna kuchomelea. Utaona umuhimu wa hilo nikifika kwenye seti za dukani.

Kompresa ya 10PA ni ya pistoni kumi zinazosukumwa na sahani iliyoinama, tano mbele na tano nyuma, ndiyo maana inazunguka laini. Ile ya namba 17 ina ukubwa wa takribani cc 178, na kwa kabini ya watu watatu hiyo ni kubwa kupita mahitaji, kitu ambacho kinasaidia injini ikiwa haina mzunguko mkubwa. Inataka oili ya Denso namba 8. Ukipewa ya zamani ya R12 inakuwa na namba 6, na hizo mbili hazikai chungu kimoja.

Mtego wa njia hii ni volti. Land Cruiser na Coaster nyingi za dizeli zilizouzwa ndani ya Japani ni za volti 24, wakati mikonga mingi iliyokuja huku ikiwa mipya kwa ajili ya mashirika na serikali ni ya volti 12. Kompresa za mtumba zinatoka Japani. Koili ya klachi, ile sumaku inayoiunganisha puli na kompresa, ikiwa ya volti 24 ukiipa 12 haishiki sawasawa: utasikia "tak", puli inateleza, inatoa harufu ya kuungua. Ya 12 ukiipa 24 inakufa kabla hujafika taa za kwanza. Fundi akuonyeshe kwa kuigusisha kwenye betri yako kabla hujalipa, na uzungushe kitovu cha mbele kwa mkono. Kizunguke kwa uzito wa sawasawa, bila kukwama na bila mchanga. Kisha uchungulie tundu la paipu. Oili ikiwa safi au ya manjano, endelea. Ikiwa nyeusi yenye vumbi la kumetameta, iache hapohapo hata wakikupa bure, maana hilo vumbi litasafiri mpaka kwenye vali ya ekspansheni, kile kijitundu kinachopulizia gesi ndani ya evapoleta.

Boksi la evapoleta ni habari nyingine. Usidhani la HZJ79 ya miaka ya karibuni litaingia, dashibodi zimebadilika. Langu nililiacha la zamani, liko nyuma ya droo ya dashibodi. Tulilishusha, tukalifungua, na ndani kulikuwa na blanketi la vumbi, manyoya na majani makavu, zaidi ya nusu ya uso wa koili umezibwa. Nadhani baadhi ya hayo majani yana umri wa mwanangu. Tuliliosha kwa maji ya sabuni, tukalipima kwa presha, likawa zima. Vali ya ekspansheni tulibadilisha, ni kitu kidogo na huwezi kuwa umeshavua dashibodi halafu ukarudisha ya zamani.

Seti ya dukani

Seti hizi huja kwenye boksi: kompresa ya Sanden au ya mfano wake, boksi la evapoleta la kuning'iniza chini ya dashibodi, kondensa, draya, swichi ya presha, paipu za kukata kwa kipimo. Marekani hii ni biashara kubwa iliyokomaa. Vintage Air ya San Antonio, Texas, wanatengeneza seti za pikapu kama Chevrolet C10 na Ford F-100 ambazo boksi lake linajificha nyuma ya dashibodi, breketi imechongwa kwa injini ileile, na mtu anafunga mwenyewe wikendi. Mwenye F-100 aliyeko huko wala asisome zaidi, achukue hiyo. Sisi tunaopata seti isiyo na jina la gari tunanunua nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ya fundi chuma.

Kompresa yenyewe sina ubaya nayo. Sanden SD5H14, pistoni tano, cc 138, au SD7H15, pistoni saba, cc 155, ni vyuma vinavyofungwa kwenye matrekta na mitambo ya barabara, vinavumilia. Vinatumia oili yake. Ugomvi uko kwenye breketi. Jirani yangu wa Land Rover 109 alichomelewa breketi ya bati nene kidogo, puli ya kompresa ikawa imetoka nje ya mstari wa puli ya krenki kwa kama milimita tatu. Ukiangalia kwa jicho huoni. Alikula mikanda minne kwa miezi miwili, na mara ya tano kilichokatika ni breketi yenyewe, maana dizeli ile inatetema. Ilibidi ichongwe upya kwa chuma cha milimita 10, ikishikwa pointi tatu badala ya mbili. Tangu hapo haijamsumbua. Kwa hiyo ukichagua seti, tafuta kwanza mchonga breketi, ndipo ununue seti. Hesabu pia mifereji ya puli ya krenki. Gari lililotoka kiwandani bila AC linaweza lisiwe na mfereji wa ziada, na hapo unaanza safari nyingine kabisa.

Boksi la chini ya dashibodi lina faida moja ambayo la Toyota halina: linapuliza moja kwa moja kifuani, halina mifereji mirefu ya kupoteza baridi. Hasara yake ni magoti ya abiria wa katikati, na sura. Kwenye 109, ambayo dashibodi yake yenyewe ni rafu ya bati, halikuharibu kitu. Kwenye mkonga lingeniudhi kila siku.

Tukiziweka hizi mbili bega kwa bega: kwa mkonga wa 1HZ, spea za Toyota zinashinda kwenye kufunga, kwenye mzunguko laini, na kwenye kuharibikiwa mbali. Kompresa ikikufia Tunduru au Mpanda, kuna mkonga mwingine wa halmashauri au wa misheni hapo, na fundi wake anajua mkanda wa namba gani. Seti inashinda kwenye upya wa kila kitu. Mtumba ni bahati nasibu hata ukiwa na jicho, seti ina kompresa ambayo haijawahi kuzunguka. Kwa bei, kompresa na breketi za mtumba pamoja na kondensa mpya zilinigharimu pungufu kidogo ya alicholipia jirani seti peke yake, kabla ya breketi zake mbili. Lakini kwa gari ambalo halina ndugu mdogo barabarani, Land Rover 109, Peugeot 504, mkonga wa zamani zaidi wenye injini ya 2H, seti ndiyo njia ya kueleweka. Kutafuta breketi ya asili ya magari hayo utazeeka nayo.

Ya umeme juu ya paa

Hii ni ya lori, na nina maneno machache tu. Inajitegemea, kompresa yake ni ya umeme, injini ikizimwa inaendelea. Kwa pikapu ya volti 12 hesabu inakataa: mashine ya wati 800 inavuta karibu ampea 67, betri ya N70 itaomba radhi kabla ya saa moja, na alteneta ya zamani haitaimudu huku taa zinawaka. Na unakata tundu kwenye paa la gari la 1991 ambalo halijawahi kuota kutu pale juu. Sitaki hata kulifikiria.

Kwa dereva wa Scania 113 anayelala foleni ya Tunduma siku mbili, ni jambo jingine. Volti 24, wati zilezile ni ampea 33, betri mbili za 200 zinampa saa tatu bila kuzishusha chini ya nusu. Saa tatu za kusinzia bila jasho pale Tunduma mchana, anayezijua thamani yake anazijua. Nilikaa kwenye kabini ya namna hiyo mchana mmoja nikasahau kushuka.

Kondensa, ambayo ndiyo habari yenyewe

Ukichagua njia yoyote kati ya tatu za kwanza ukaacha kondensa ya zamani, umenunua kanzu mpya ukavalia juu ya matope. Kondensa za zamani ni za bomba moja lililopindwapindwa na kupitishwa kwenye mapezi, au la bapa linalokwenda na kurudi kama nyoka. Gesi yote inapita njia moja ndefu. Za kisasa zina mabomba mengi bapa yaliyolala sambamba kati ya nguzo mbili, kila bomba lina vijitundu vidogo ndani, gesi inagawanyika na kugusa chuma kingi zaidi kwa eneo lilelile. Kwa R134a na joto la kwetu, hii ya mabomba sambamba ndiyo ya kufunga, na uchukue kubwa kuliko zote inayoingia mbele ya rejeta bila kukata bati la mwili. Udhaifu wake ni kwamba haioshiki ndani. Kompresa ikifa na kumwaga vumbi la chuma, kondensa hiyo inakwenda na kompresa. Ya zamani ungeweza kuisafisha ukairudisha.

Kisha upepo. Mkonga una feni moja kubwa nyuma ya rejeta, inayoendeshwa na mkanda kupitia kikombe chenye mafuta ya silikoni. Mafuta yakichoka, feni inazunguka kivivu gari likisimama. Zima injini ikiwa ya moto, izungushe feni kwa mkono: ikizunguka huru mara tatu nne kama panga boi, imekwisha. Yangu ilikuwa hivyo. Kava ya plastiki inayoizunguka feni nayo ilikuwa imevunjika kipande cha chini, kwa hiyo feni ilikuwa inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia kondensa. Na kati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo mkono hauingii, kulikuwa na mkeka wa mbegu za nyasi na wadudu. Ilibidi rejeta ishuke. Fundi anayekuambia atasafisha kwa kupuliza kutoka mbele anaogopa kazi.

Nilimalizia na feni mbili za umeme mbele ya kondensa, zinazosukuma, zikiwashwa na swichi ya presha kupitia rilei. Zinakula kama ampea 10 kila moja, kwa hiyo waya wake utoke kwenye betri na fyuzi yake, usiung'anganize kwenye waya wa blowa. Watu hupenda kuzifunga kwa zile pini za plastiki zinazopita katikati ya mapezi. Zinasugua mpaka zinatoboa bomba. Tengeneza fremu ya bati.

Gesi, mizani na uongo

Baada ya kufunga, mfumo unavutwa hewa kwa bomba la vakyumu, dakika 30 hadi 45, kisha unaachwa umefungwa uone kama mshale unarudi. Unyevu wa pwani ukibaki ndani unaganda kwenye ekspansheni na unatengeneza asidi na oili. Mafundi wenye haraka wanavuta dakika tano, au wanawasha kompresa yenyewe ivute. Simama hapo, piga nao stori, saa iende.

Gesi ipimwe kwa mizani. Kujaza kwa kuangalia presha ya gari lililozimwa hakukuambii lolote: siku ya nyuzi 32 itasoma karibu psi 103 ukiwa na gramu 200 au 700, mradi ndani kuna kimiminika. Injini ikizunguka, siku kama hiyo, upande mkubwa kati ya 200 na 230 ni afya, na upande mdogo ukicheza karibu na 28 hadi 35 evapoleta iko juu kidogo ya kuganda. Upande mkubwa ukibaki juu hata baada ya kumwaga maji, gesi imezidi au kuna hewa ndani.

Mtungi wa R134a ni wa rangi ya bluu mpauko, lakini rangi si cheti. Kuna mitungi yenye mchanganyiko wa jamii ya gesi ya kupikia, inapooza vizuri mno, na ikivujia kabini ni moto unasubiri njiti. Mbaya zaidi ni R40, ambayo inapigana na alumini. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyojazwa gesi bandia yenye R40 yalilipuka na kuua mafundi. Fundi mwenye kifaa cha kutambua gesi mlipe zaidi kidogo.

Watu huniuliza kama wasubiri gesi mpya, R1234yf. Kwa gari la namna hii sioni sababu, ni ghali na inawaka kidogo. Marekebisho ya Itifaki ya Montreal yaliyokubaliwa Kigali mwaka 2016 yanapunguza R134a na ndugu zake kwa hatua. Nchi nyingi zinazoendelea zilianza kusimamisha ongezeko 2024, na punguzo la asilimia 80 ni 2045. Mkonga wangu hauna wasiwasi. Ila usimwache fundi apulize gesi ya zamani hewani. Gramu 700 za R134a zinapasha dunia sawa na tani moja ya kaboni dioksidi, na za R12 ni zaidi ya mara saba ya hapo.

Nilichofunga mwishowe: kompresa ya 10PA ya mtumba ya volti 12, breketi yake ya kiwandani, boksi la evapoleta lilelile la zamani lililooshwa, paipu zote mpya, kondensa ya mabomba sambamba, kikombe cha feni kipya, feni mbili za kusukuma, na hita imebaki imebanwa. Chini ya mikeka na nyuma ya dari tukabandika mpira wenye karatasi ya alumini, bei yake ndogo, kazi yake kubwa. Ukuta wa injini ulikuwa na matundu matatu yasiyo na vizibo yakileta joto miguuni. Nilitumia kipimajoto cha nyama cha jikoni kwenye tundu la katikati. Zamani foleni ya kivuko ilikuwa inanipa nyuzi 19. Sasa napata 12, na barabara ya Kibiti, kilomita 80 kwa saa, 7. Mlima Kitonga bado naizima, kompresa inavuta nguvu farasi tatu mpaka tano na mkonga ukiwa na mzigo unazihitaji.

Wiki ya kwanza abiria alilalamika maji yanamdondokea viatuni. Kijibomba cha kutolea maji ya evapoleta tulikisahau kimekunjwa nyuma ya zulia. Kikanyooshwa, na sasa gari likisimama linaacha kidimbwi chini, upande wa kushoto. Walinzi wa maegesho wananiita kila mara: "Mzee, gari lako linavuja!"